KITAMBI SI CHEO



Jumamosi moja niliingia katika hoteli hapa Ntimaru kunywa chai. Kijana mmoja akanitazama, akasema kwa sauti, "Mpisheni mzee mwenye mali!" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mali yenyewe aliyoiona ni tumbo langu. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, maana wiki ile ile nilikuwa nimeambiwa zahanati kwamba nina ugonjwa wa sukari, na presha iko juu.

Nataka kusema jambo ambalo katika mikutano yetu hufanywa mzaha. Tumbo hili sikulipata kwa utajiri. Nililipata kazini.

Nilianza nikiwa taniboi wa lori. Kazi ya taniboi mwaijua: kupanda na kushuka, kupakia magunia ya mahindi, kusukuma gari likinasa matopeni. Nilikuwa nikila kama mchwa na suruali yangu ilikuwa kiuno cha 30. Kisha nikapata leseni, nikapewa usukani, na mshahara ukapanda. Nyumbani tukashangilia. Tangu siku ile ni miaka 14 nimeketi. Naondoka Ntimaru kabla ya alfajiri bila kula kitu. Saa nne nanunua mandazi na chai iliyojaa sukari. Mchana ni chipsi na soda, navyo navila huku naendesha, kwa kuwa mwenye gari anahesabu saa. Usiku nafika nyumbani na njaa ya kutwa nzima, namaliza ugali wa watu wawili, nalala. Leo nanunua suruali ya 42.

Wapo watakaosema, huyu ni mlafi, ajizuie. Sikatai kwamba mkono uliopeleka mandazi kinywani ni wangu. Lakini sikilizeni habari za wenzetu wa London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji ule. Dereva aliketi mchana kutwa. Kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti, vipandio mia tano na zaidi kwa siku moja ya kazi. Mji ni mmoja na basi ni moja, lakini madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Mwaka 1956 Morris akaenda kutazama kitu ambacho mtu mwingine asingekifikiria, yaani vipimo vya suruali za yunifomu. Akakuta viuno vya madereva ni vipana kuliko vya makondakta, kwa vijana hata kwa wazee.

Walikuwapo waliouliza kama wanene ndio waliopenda udereva tangu mwanzo, na swali hilo lina haki yake. Mimi najua langu tu: nilipoingia nilikuwa mwembamba.

Wala si madereva peke yao. Katika uchunguzi wa afya ya wananchi wa Kenya wa mwaka 2008 na 2009, wanawake 25 katika kila 100 walikuwa wamezidi uzito unaofaa. Mwaka 2014 wakawa 33. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wanawake wazima 45 katika kila 100, na wanaume 19. Je, hawa wote ni matajiri? Tazameni mama anayeketi sokoni tangu asubuhi mpaka giza, au fundi cherehani, au karani, au mwalimu mwenye rundo la madaftari. Na mwaka huo huo wa 2022 watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Nyumba moja yaweza kuwa na mama mnene na mtoto aliyedumaa, kwa sababu unga mweupe, mafuta na sukari hujaza tumbo la wote wawili bila kumjenga mtoto.

Wazee wetu hapa Kuria walilima wimbi, mtama na muhogo, wakala ugali wake kwa mboga za shambani na maziwa. Shambani walikwenda kwa miguu, na mtoni kwa miguu. Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri yote. Njaa ilikuwako, na mama zetu walivunjika migongo kwa kusaga kwa jiwe. Mimi mwenyewe sitaki kurudi huko. Lakini leo mtu huita bodaboda kwenda kusagisha debe moja la mahindi, na mahindi yenyewe yakobolewe mpaka yawe meupe kama chokaa. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa shilingi chache. Kuna maduka ambayo maji safi hayapatikani, lakini soda ipo, tena baridi. Chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na afadhali zaidi akibaki chini ya 25. Basi, chupa moja tu imekwisha kuvuka hiyo ya afadhali.

Zamani za wakoloni mwajiri alimpimia mfanyakazi posho, ratili kadhaa za unga kwa wiki, ili apate nguvu za kazi ya kesho. Wafanyakazi waliipigania posho ile, ubora wake na wingi wake. Hakuna aliyewaambia kwamba chakula ni siri ya mtu na tumbo lake. Leo posho imekwisha, twalipwa fedha, na mwajiri amenawa mikono. Muda wa kula nao umeliwa. Mfanyakazi akinenepa, huitwa mvivu. Akiugua, twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, kama ilivyo tangu Oktoba 2024, na vidonge visipopatikana hospitali tunavinunua wenyewe. Mwajiri hupata dereva mwingine.

Na wale wauzao dawa za kukondesha, na chai za kuyeyusha tumbo, waogopeni. Nilinunua moja. Niliharisha siku tatu, na suruali ikabaki ile ile 42.

Chama chetu nacho si safi katika neno hili. Mkutano wa mwisho wa tawi tulipewa soda mbili mbili na keki, na tulikuwa tumeketi saa tano.

Maombi yangu kwa kamati ni haya. Mapatano ya safari hii yasitaje mshahara peke yake. Saa moja ya kula iandikwe, nayo iwe saa ya kusimamisha gari kweli, isikatwe katika malipo. Palipo na wafanyakazi wengi pawe na jiko la uji wa wimbi, maharagwe na mboga kwa bei ya kununulika. Maji safi ya kunywa kazini yamekwisha kuamriwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kwa hiyo hayo si ya kuombwa, ni ya kudaiwa. Na kila mwaka kila mwanachama apimwe presha na sukari kwa gharama ya mwajiri, bila majibu kutumiwa kumfukuza kazi. Hili la mwisho lisisahauliwe, maana wengi twajificha kwa hofu hiyo. Mimi nilijificha miaka miwili.

Katibu wa tawi ameniambia nafasi ya kuongeza jambo katika ajenda ingaliko. Wanaoniunga mkono wampelekee majina yao kabla ya mkutano.

Dereva, Ntimaru