Dawa ya Mgongo Haiujui Mgongo

Mtu afikaye Makere siku za palizi ya maharage, akasimama mbele ya duka la dawa kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, atawasikia wateja wakiagiza kwa jina la kiungo: huyu ataka dawa ya mgongo, yule ya kiuno, na wa tatu ya magoti ya mama yake aliyebaki nyumbani, na wote watatu, aghalabu bila ya kuulizwa neno, huhesabiwa vidonge vya namna moja, navyo ni diklofenaki, au diklopa kama wengi waitavyo, ilhali hiyo ni dawa ya kuandikiwa na tabibu aliyekwisha kumtazama mgonjwa.

Chini ya mazoea hayo imelala itikadi ninayokusudia kuipinga waziwazi, nayo ni kwamba dawa ya maumivu huijua njia yake, hushuka hadi penye kuuma, ikazima moto na kujiondokea, kwa hiyo haina madhara, ni ya maumivu tu. Neno hilo "tu" ndilo lituponzalo.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Kiingereza John Vane alibainisha jinsi aspirini na jamaa zake, diklofenaki ikiwa mojawapo, zifanyavyo kazi, na kwa utafiti huo akawa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1982: dawa hizi huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe na maumivu. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zihifadhizo ute unaoukinga ukuta wa tumbo na tindikali yake, na ndizo zipanuazo mishipa ya figo mwili upungukiwapo na maji, kama upungukiwavyo mwili wa mkulima aliyeshinda juani na jembe mkononi. Dawa haichagui, huingia damuni ikazizuia kote, mgongoni, tumboni na figoni.

Wapo wajionao wenye hadhari zaidi, wasemao kwamba maadamu kidonge huchoma tumbo, heri sindano, kwani sindano haipiti tumboni. Maneno haya ni batili, na hatari yake ni kubwa kwa kuwa yanafanana na busara. Sehemu kubwa ya madhara hufika tumboni kwa njia ya damu, na damu haibagui kilichoingia kwa mdomo na kilichoingia kwa tako. Hata kula kwanza, ingawa hupunguza kichefuchefu, si kinga ya vidonda vya tumbo.

Na kwa vidonda vyenyewe tumezisingizia njaa, pilipili na mawazo. Wataalamu Warren na Marshall, waliotunukiwa Nobel mwaka 2005, walidhihirisha kwamba vingi huletwa na bakteria. Na sababu kubwa inayofuata ni dawa za kabila hili, ambazo mgonjwa huenda anazo mfukoni wakati ule ule anapoilaumu pilipili.

Moyo nao haukusalimika. Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni Vioxx, dawa ya jamii hiyo hiyo, baada ya kuonekana kwamba inazidisha hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Na mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walikataza diklofenaki kwa wenye ugonjwa wa moyo na waliokwisha kupatwa na kiharusi.

Simwambii mkulima avumilie, kwani palizi haingoji na maumivu yake ni ya kweli. Aanze na parasetamoli, asizidishe gramu 4 kwa siku, akijua kwamba vidonge vingine vya diklofenaki vimekwisha kuchanganywa nayo. Na akihitaji iliyo kali zaidi, atumie kipimo kidogo kwa siku chache, kwa shauri la tabibu. Aliye dukani, hasa katika haya maduka ya dawa muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sharti kwamba muuzaji awe amefunzwa, namsihi aulize kabla ya kuhesabu: una mimba? una vidonda vya tumbo? unatumia dawa ya shinikizo la damu? figo zako zi salama? Na yeyote anayetumia dawa hii, akaona choo chake cheusi kama lami au akatapika damu, asilale usiku huo akingoja kupambazuke. Jamaa zake watafute chombo saa ile ile, wamfikishe hospitali.