Lantana Isiwe Wigo wa Zizi

Kuna kichaka kimoja ambacho watu hukipanda kwa sababu ya maua yake. Majani yake yanakwaruza mkono, na ukiyafikicha yananuka sana. Maua ni madogo, nayo yamekusanyika pamoja kama kitufe. Ua likichanua huwa la manjano. Baada ya siku chache hugeuka likawa la rangi ya machungwa, au jekundu, au la waridi. Ndiyo maana katika kitufe kimoja utaona rangi mbili au tatu. Matunda huanza yakiwa ya kijani, na yakiiva huwa meusi yanayong'aa. Kila mahali watu wana jina lao la kukiita, na wengine husema "maua" tu basi. Wataalamu hukiita lantana, na sisi tutatumia jina hilo.

Rai yangu ni hii. Katika kijiji kinachofuga ng'ombe, lantana isipandwe kuwa wigo wa nyumba, wala wigo wa zizi, wala mpaka wa shamba. Najua wengi hawatakubali. Akina mama hasa watauliza: "Kwani ua limekosa nini?" Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa haki.

Kwanza tuseme mazuri yake. Lantana haihitaji kubembelezwa. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini mvua zinapoanza, nacho kinashika. Hustahimili kiangazi cha Shinyanga ambacho huua miche mingi. Hukua na kupita kimo cha mtu. Mbuzi hawaishambulii ovyo. Nyuki na vipepeo huyafuata maua yake. Matawi makavu huwaka jikoni. Tena nyumba yenye maua inapendeza, na mwananchi wa kijijini ana haki ya kuwa na nyumba inayopendeza kama mtu wa mjini. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba maua ni anasa.

Sasa tuangalie ubaya wake. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wote wanaweza kudhurika. Ng'ombe aliyeshiba haipendi lantana kwa sababu ya harufu yake. Lakini fikirini mwezi wa Oktoba. Nyasi zimekwisha, ardhi ni nyeupe, na kitu cha kijani kilichobaki ni wigo wa maua. Ng'ombe mwenye njaa hachagui. Na ng'ombe aliyenunuliwa mnadani, aliyetoka mahali pasipo na lantana, haijui kabisa. Huyo ndiye hula kwanza.

Kilo chache za majani zinatosha kumdhuru ng'ombe mzima. Ini linaposhindwa kufanya kazi, mambo mawili hutokea. La kwanza, tumbo husimama. Ng'ombe hacheui, halishi, na choo chake huwa kikavu. Majani yale yenye sumu hubaki tumboni, na sumu huendelea kuingia mwilini siku baada ya siku. Kwa hiyo hata ukimwondoa malishoni leo, bado ana sumu ndani. La pili, ngozi huanza kuungua na jua. Kwa kawaida ini hutoa mwilini kitu fulani kinachotokana na majani mabichi. Lisipokitoa, kitu hicho hufika kwenye ngozi, na jua likipiga ngozi huungua. Utaona mabaka meupe ya ng'ombe, pua, masikio na chuchu vinavimba, vinapasuka na kubambuka. Mahali penye manyoya meusi hapaungui sana. Macho na fizi huwa za manjano.

Watu wengi wakiona hivyo husema ng'ombe amerogwa, au amemwagiwa maji ya moto na jirani. Ugomvi huanza. Mwalimu wa kisomo awaeleze watu jambo hili waziwazi, maana katika Usukuma neno la uchawi limeleta misiba mikubwa kuliko kifo cha ng'ombe mmoja.

Ukiona dalili hizo, mweke mnyama kivulini mara moja. Mpe maji. Mwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo upesi, kwa sababu dawa inayonyonya sumu tumboni husaidia ikitolewa mapema. Usingoje wiki. Wanyama wengine hufa baada ya siku chache, na wengine hudhoofika kwa wiki mbili au tatu ndipo wanakufa.

Watoto nao tuwaangalie. Wachungaji wadogo hula yale matunda meusi yaliyoiva, na wengi hawapati shida. Matunda ya kijani ndiyo yenye hatari. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui la kijani na jeusi. Yeye hutia mdomoni anachokifikia. Mtoto akitapika na kulegea baada ya kula matunda hayo, apelekwe zahanati, na achukuliwe pamoja na tawi la kichaka ili mganga aone alichokula. Wako pia watu wazima wanaochemsha majani ya lantana wakayanywa kwa kikohozi. Mimi nasema waache. Kitu kinachoharibu ini la fahali hakifai kuwa chai.

Mtu anaweza kujibu: "Mimi sina ng'ombe. Wigo wangu unamdhuru nani?" Hapa ndipo lantana inapotofautiana na mimea mingine ya maua. Ndege hula matunda yake, huruka, na kuangusha mbegu mbali. Kichaka kimoja huzaa matunda maelfu kwa mwaka. Ndege haujui mpaka wako na wangu, na wala haujui mpaka wa ngitili.

Na ngitili ndiyo mali ninayoihofia zaidi. Wasomaji wa Shinyanga wanajua, lakini wa Geita wengine labda hawajui vizuri. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa kiangazi. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, na ardhi ya Shinyanga ilikuwa tupu hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hiyo ni kazi ya wananchi wenyewe, waliokubali kufunga ardhi yao na kusubiri. Lantana ikiingia ndani ya ngitili, hufunika nyasi, na chini yake nyasi hazioti. Kisha mwezi wa Oktoba ukifika, tunaifungua ngitili tukitegemea chakula, na tunawaingiza ng'ombe wenye njaa katikati ya sumu.

Lantana si mmea wa kwetu. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wazungu waliichukua miaka ya 1600 kwa ajili ya bustani zao, halafu wakaieneza katika makoloni yao ya Asia, Afrika na Australia. Ilipandwa kuwa pambo, ikatoka bustanini, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Uganda katika miaka ya 1960 walijaribu kutumia mdudu anayekula majani ya lantana. Mdudu alifanya kazi, lakini huko Serere alionekana pia kwenye mashamba ya ufuta, akiyala majani yake. Kwa hiyo tusingoje mdudu atuokoe.

Liko jambo jingine ambalo wazee wa Shinyanga watalielewa upesi, nalo ni mbung'o. Tangu miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walifyeka mapori kwa mikono yao ili kumfukuza mbung'o aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mtaalamu wa Kiingereza aliyesimamia kazi hiyo, Bwana Swynnerton, alifariki mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o mpaka leo ina jina lake. (Kufyeka huko nako kulipita kiasi mahali pengine, na upungufu wa miti tuliouona baadaye ulianzia humo. Sisemi tufyeke kila kichaka. Nasema lantana.) Mbung'o anapenda kivuli kizito chenye unyevu, na kichaka cha lantana humpa kivuli hicho mlangoni mwa mtu. Huko Alego, Kenya, magharibi karibu na Ziwa Victoria, malale yalilipuka mwaka 1964, na mbung'o walikutwa kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba. Busoga, Uganda, katika miaka ya 1970, mashamba ya kahawa na pamba yaliachwa bila kulimwa, lantana ikayafunika, na malale yakaja. Watu wa Geita wanaokaa kando ya ziwa wayafikirie sana mambo hayo, maana ziwa ni lilelile.

Wapo watakaosema kwamba lantana hufukuza mbu. Ni kweli, na sitaki kuficha. Taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2011 ilionyesha kwamba nyumba za vijijini Tanzania zilizopandwa lantana pembeni ziliingiwa na mbu wachache, upungufu wa karibu nusu. Katika mikoa yetu, ambako malaria bado ni adui wa kila nyumba, nusu si kitu kidogo. Lakini utafiti mwingine uliofanywa magharibi mwa Kenya, na kutangazwa mwaka 2002, uliweka mimea kwenye vyungu ndani ya nyumba. Lantana ilipunguza mbu kwa karibu theluthi moja. Aina ya kivumbasi iliyojaribiwa pamoja nayo haikuwa nyuma. Sasa kama kivumbasi chaweza kufanya kazi hiyohiyo, na hakimuui ng'ombe, kwa nini tung'ang'anie lantana? Tena chandarua kibaki kitandani, hata ukizungukwa na kivumbasi.

Mahali ninapolegeza rai yangu ni kwenye miji ya machimbo. Nyumba zimebanana, ng'ombe hawapiti, na maji yaliyotuama kwenye mashimo yamejaa viluwiluwi wa mbu. Mama anayeishi hapo, akitaka lantana moja ndani ya debe mbele ya dirisha, sina ugomvi naye. Ila akate vitufe maua yanaponyauka, kabla matunda hayajashika, na watoto wadogo wasiyafikie. Lakini isiachwe ienee kwenye ardhi iliyochimbwa na kuachwa. Lantana hupenda ardhi iliyovurugwa. Ikifunika mdomo wa duara la zamani, mtoto au mbuzi hataona shimo mpaka awe ndani yake. Duara lililoachwa lifukiwe. Kama halijafukiwa, lizungushiwe kitu kinachoonekana.

Basi tuzungushie nini maboma yetu? Wazee walitumia minyaa, na mimi bado naipendelea. Minyaa nayo ina hatari yake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kupofusha. Anayeikata afunike macho, anawe mikono, na ukimrukia jichoni aoshe kwa maji safi mengi kisha aende hospitali bila kuchelewa. Lakini ng'ombe haili, na hubaki pale ulipoichomeka. Katani pia ni wigo mzuri, nayo hutupa kamba. Hayo si maua, nakubali. Anayetaka maua apande mengine mbele ya nyumba, mahali anapoweza kuyaona na kuyatunza.

Wenye lantana tayari wasiichome moto tu wala kuifyeka kwa panga. Ikifyekwa huchipua mara mbili ya mwanzo. Ing'olewe na mizizi yake kwa jembe au sululu, wakati mvua zimelainisha udongo na matunda hayajaiva. Vaeni nguo za mikono mirefu, kwa sababu shina lake lina miiba. Halafu jambo ambalo watu husahau: majani yaliyonyauka bado yana sumu. Matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani mwa ng'ombe wala kwenye zizi. Yaanikwe juu ya mwamba au mahali palipofungwa, yakikauka yawe kuni. Msimu unaofuata mrudi mahali hapo, kwani mbegu zilizolala zitaota. Mrudi na msimu wa tatu. Na palipong'olewa pasiachwe wazi. Pandeni nyasi au mti, la sivyo mvua itachukua udongo na lantana itarudi.

Mtu mmoja akiing'oa na jirani akaiacha, kazi ni bure kwa sababu ya ndege. Kwa hiyo jambo hili lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, hasa mahali penye ngitili ya kijiji. Ngitili nyingi zina sheria ndogo na faini kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati. Sheria hizo ziongezewe kifungu kimoja kuhusu lantana, na kitongoji kipangiwe siku ya kung'oa kabla ya matunda kuiva. Nao wenye vitalu vya miche barabarani, wanaouza lantana ndani ya mifuko pamoja na maua mengine, watakiwe kumwambia mnunuzi kabla hajalipa: mmea huu ni sumu kwa ng'ombe. Mnunuzi aulizwe pia kama ana zizi.