Kuhn ndani, Flood nje: hii si haki

Desemba 2023 mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani alisaini mkataba wa dola milioni 700 na Los Angeles Dodgers. Mwaka mmoja baadaye Juan Soto akampiku kwa dola milioni 765 za New York Mets. Wote wawili walikuwa wachezaji huru, wakachagua wenyewe pa kwenda. Aliyeugharamia uhuru huo, Curt Flood, hadi leo hayumo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli ulioko Cooperstown, New York. Ni dhuluma, na imedumu mno.

Oktoba 1969 Flood, mshindi wa tuzo 7 mfululizo za Glavu ya Dhahabu, aliarifiwa kwa simu kwamba baada ya misimu 12 St. Louis Cardinals wamempeleka Philadelphia Phillies. Hakuulizwa. Kila mkataba wa enzi hizo ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kuurefusha kwa mwaka mmoja, nazo klabu zilikifasiri kuwa mwaka huo hurudiwa mpaka mchezaji astaafu, auzwe au atupwe. Mkesha wa Krismasi Flood alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Kuhn alijibu kwa adabu kwamba kweli mtu si mali, kisha akashikilia mkataba uleule.

Wapo waliombeza: mtu anayelipwa dola 90,000 kwa mwaka, tena Phillies wakimtajia 100,000, analalamikia nini? Hoja hiyo ilikuwa ya aibu wakati ule na ni ya aibu sasa. Ukubwa wa mshahara haumpi mwajiri hati ya kummiliki mtu.

Flood alikwenda mahakamani, akakosa msimu mzima wa 1970. Chama cha wachezaji kiligharamia mawakili, lakini hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado uwanjani aliyejitokeza kortini kusimama naye. Waliokuja ni wastaafu, akiwemo Jackie Robinson, wakati huo mgonjwa. Wenzake walibaki makwao wakisubiri matunda.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo haikujipatia sifa. Mwaka 1972 iliamua dhidi ya Flood kwa kura 5 kwa 3. Jaji Harry Blackmun alifungua hukumu kwa kusifu mchezo na kuorodhesha majina ya wachezaji wa zamani zaidi ya 80. Majaji wawili waliokubaliana naye walikataa kujiunga na sehemu hiyo, na walikuwa na busara. Kisha akakiri kwamba kinga ya besiboli dhidi ya sheria za ushindani, iliyotolewa mwaka 1922, haina mantiki, akaiacha hivyohivyo na kulitupia Bunge mzigo.

Minyororo ilikatika Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua, katika shauri la Andy Messersmith na Dave McNally, kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Flood alikwishaondoka mchezoni, baada ya mechi 13 tu na Washington Senators mwaka 1971. Alifariki Januari 1997. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka uliofuata.

Watetezi wa Cooperstown husema takwimu zake za kupiga mpira hazitoshi. Haya, Kuhn alipiga mipira mingapi? Aliingizwa mwaka 2008. Marvin Miller, kiongozi wa chama aliyesimama na Flood, alichaguliwa mwaka 2019, na tunaunga mkono. Yeye naye hakuwahi kucheza ligi. Kinachokera zaidi ni kwamba Desemba 2024 alichaguliwa Dick Allen, yuleyule ambaye Phillies walimtoa ili wampate Flood. Allen alistahili. Ila katika orodha ya wagombea 8 wa mwaka huo jina la Flood halikuwepo kabisa.

Kamati ya Cooperstown inayohusika na wachezaji wa enzi ya Flood itapiga kura tena Desemba 2027, na wajumbe 12 kati ya 16 wanatosha kumwingiza. Wanaoandaa orodha waanze na jina lake. Chama cha wachezaji, ambacho wanachama wake wanavuna mamilioni, kidai hilo hadharani, safari hii wachezaji wenyewe wakiwa mbele.