Vioo vya jua vitoke vitabuni

Mwanafunzi wa Kericho afundishwapo kwamba kioo kilichobonyea hukusanya miale ya jua mahali pamoja, mara nyingi huchora mistari daftarini, huikariri, huijibu mtihanini, kisha huisahau. Hiyo ni hasara, kwani mistari hiyo ndiyo msingi wa injini inayotarajiwa kusukuma vyombo angani.

Mnamo 1956 mhandisi Krafft Ehricke alipendekeza chombo kisichochoma chochote. Vioo vikubwa vikusanye jua, joto lipashe haidrojeni, gesi itanuke na kufyatuka kwa nyuma, nacho chombo kisukumwe mbele.

Akaaye jirani na kiwanda cha chai ataelewa upesi. Majani hayaguswi na moto. Kuni za mkaratusi huchemsha maji ya boila, mvuke hupasha hewa, na hewa hiyo ndiyo ikaushayo chai. Vivyo hivyo haidrojeni haiungui, hupashwa tu. Kwa hiyo chombo hakihitaji kubeba oksijeni, na kwa wepesi wa gesi hiyo, kila kilo hutoa msukumo unaokaribia maradufu ya ule wa roketi bora za kuchoma. Hata hivyo, nguvu yake ni ndogo: haitoshi kuinua chombo kutoka ardhini, bali kukihamisha kutoka mzingo wa chini hadi wa juu.

Yupo atakayeuliza haya yanatuhusu nini. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Taifa-1, iliyo yetu, ilirushwa kutoka Marekani mwaka 2023. Mara zote mbili roketi ilikuwa ya wageni. Hali hiyo haitabadilika iwapo fizikia itabaki kuwa somo la chaki.

Tunawahimiza walimu wa Kericho na Bomet waanze na kidogo walicho nacho: bakuli lililotandazwa karatasi ya alumini, kikopo cheusi cha maji na kipimajoto. Wanafunzi wapime asubuhi ya jua, wapime tena alasiri ya mawingu. Wataona kwamba mwanga uliotawanywa na wingu haukusanyiki, na watafahamu kwa nini angani, kusiko na wingu, ambako kila mita ya mraba hupokea wati 1,361 hivi, ndiko kioo hufaa zaidi. Lakini waonywe wasitazame jua wala mng'ao wake.

Nao watunga mitihani waulize mwanafunzi alipima nini, si alikariri nini.