Kinachopanda Bei Si Nyumba

Mtu akianza kutafuta pa kujenga, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, hupewa ushauri kabla hajaonyeshwa kiwanja. Dalali atamwambia ardhi haishuki bei. Ndugu zake watamwambia aanze na msingi, mengine yatajipa. Watu wa benki watamwambia kinachokosekana ni mikopo, na akihudhuria warsha yoyote ya sekta ya makazi atasikia kuwa nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3. Madai haya yamezoeleka kiasi kwamba watu wanauza mashamba ya urithi kwa ajili yake, wanakopa kazini, na wanaendelea kupanga miaka na miaka huku fedha zao zote zikiwa zimelala kwenye zege. Yanaongoza hata bajeti za umma. Ndiyo maana nataka tuyapitie, na nitasema wazi pale ninapoona yanapotosha.

Tuanze na hizo nyumba milioni 3. Takwimu hiyo haitajwi peke yake: hufuatana na nyingine, kwamba mahitaji yanaongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Zote mbili zimetajwa kwa zaidi ya muongo mzima bila kubadilika. Sasa kama pengo lilikuwa milioni 3 na linakua kwa 200,000 kwa mwaka, baada ya miaka kumi lingefika milioni 5. Na kama limebaki palepale, maana yake ni kwamba nyumba 200,000 zinajengwa kila mwaka na pengo halikui. Hayawezi kuwa kweli yote mawili.

Sensa ya 2022 ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza, na ikakuta zaidi ya milioni 14.3 nchi nzima. Ilihesabu pia watu milioni 61.7, na wastani wa kaya moja ukawa watu 4.3. Gawanya, utapata kaya kama milioni 14.3. Idadi ya majengo na idadi ya kaya zinakaribiana mno. Najua si kila jengo ni makazi: kuna shule, maduka, misikiti, makanisa na maghala humo ndani. Lakini pia nyumba moja ya vyumba sita pale Manzese au Buguruni, yenye ukumbi katikati na choo cha pamoja uani, inaweza kuwa na kaya sita, kila moja na jiko lake mlangoni. Kwa hiyo hesabu ya "nyumba zinazokosekana" haiwezi kutolewa kirahisi namna hiyo.

Wengi wa wanaohesabiwa kuwa hawana nyumba wana paa. Wanachokosa ni maji ya bomba, mtaro wa maji machafu, njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita, na karatasi inayosema eneo ni lao. Tofauti hii ni kubwa sana kisera. Ukiamini nyumba milioni 3 hazipo, utatenga fedha za kujenga maghorofa. Ukiona kuwa nyumba zipo ila zimesimama mahali pasipopimwa, utapeleka fedha kwa wapima ardhi na mabomba.

Dai la pili ndilo dalali analolipenda kuliko yote: ardhi haishuki bei. Wenye viwanja Kigamboni wangeweza kumjibu. Mwaka 2008 eneo kubwa lilizuiwa kuendelezwa ili kupisha mradi wa mji mpya, na watu wakakaa miaka wakiwa na ardhi wasiyoweza kuijenga, hadi mradi wenyewe ukaachwa. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilivunjwa kati ya Kimara na Kiluvya kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Humo mlikuwa na nyumba za watu waliokuwa wameishi hapo kwa muda mrefu, wakilipia umeme na maji kama majirani zao. Na hata maeneo ya wenye uwezo hayakupona: Serikali ilipotangaza Julai 2016 kuhamia Dodoma, na matumizi yake yakabanwa kipindi hichohicho, kodi za Masaki, Oysterbay na katikati ya jiji zilishuka. Fleti zilizozoea kupangishwa kwa dola zikakaa tupu. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe lilisimamisha miradi yake mikubwa ya Morocco Square na Kawe kwa miaka kadhaa.

Kuna ushukaji mwingine usioonekana. Chukua mfano wa kiwanja kilichonunuliwa kwa milioni 5 na kuuzwa milioni 8 baada ya miaka minane. Mwenyewe atashangilia faida ya milioni 3. Fedha hiyohiyo ingewekwa kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 25 iliyotolewa 2021, yenye riba ya asilimia 15.95, ingemlipa zaidi ya milioni 6 kwa miaka minane, na milioni 5 zake bado zingekuwepo. Hiyo ni kabla ya kuhesabu aliyekata nyasi, aliyesimika nguzo za mipaka upya baada ya jirani kuzisogeza, na nauli za kwenda kukiangalia.

Kwa nini basi dai hili halifi? Kwa sababu bei tunayoisikia ni ile ya mwenye mali anayetaka kuuza, na bei iliyolipwa kweli haijulikani kwa mtu wa tatu. Mauziano mengi ya viwanja visivyopimwa yanaishia ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa kuwa sehemu nyingi muuzaji au mnunuzi anaombwa asilimia ya mauzo, bei inayoandikwa kwenye karatasi inakuwa ndogo kuliko fedha iliyobadilishana mikono. Kwenye ardhi yenye hati mambo hayabadiliki sana, maana kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, asilimia 10 ya faida, inampa muuzaji sababu ya kuandika pungufu. Kenya, Chama cha Mabenki kilianza mwaka 2015 kuchapisha kipimo cha mwenendo wa bei za nyumba kila robo mwaka. Hapa kwetu anayetaka kujua bei ya kata fulani imepanda au imeshuka humuuliza dalali, mtu ambaye riziki yake inatokana na bei kuonekana inapanda.

Sasa nije kwenye dai linaloumiza watu wengi zaidi, tena linalotoka kwa wanaotupenda: jenga kidogo kidogo, ni nafuu kuliko kununua.

Tembea Chanika, Msongola, Bunju au pembezoni mwa Kibaha uangalie mapagala. Kuta zimefika usawa wa lenta, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu ya rangi ya machungwa, mvua za masika zimekula kozi ya juu ya tofali hadi ukigusa inamomonyoka kama mchanga mkavu, na palipopangwa kuwa sebule pameota mti unaozidi kimo cha mtu. Mwenye pagala hilo hakuwa mzembe. Alifanya kila alichoambiwa: akanunua kiwanja, akafyatua tofali, akamwaga msingi. Kilichomshinda ni kupaua, kwa sababu mbao, bati na misumari havinunuliki vipande vipande kama saruji. Paa linataka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na fedha hiyo hawezi kuiweka akiba kwa kuwa bado analipa kodi ya chumba mjini, miezi sita au mwaka mzima mbele.

Wanaosema ni nafuu wanajumlisha risiti za vifaa na kuishia hapo. Kodi aliyolipa kwa miaka yote pagala likiwa limesimama haimo. Kuta zilizobomolewa na kurudiwa kwa kuwa fundi wa pili hakukubaliana na vipimo vya wa kwanza hazimo. Na kuna tofali zenyewe. Fundi mwaminifu atakuambia mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35 za inchi sita. Anayejenga kwa kubana huletewa zile ambazo mfuko mmoja umetoa 50 au zaidi, anaona ameokoa fedha, kisha anakuja kulipia nyufa kwenye ripu.

Kisha bei za vifaa nazo hazimsubiri. Wanaojenga wanakumbuka Novemba 2020, saruji ilipoadimika na mfuko uliokuwa ukiuzwa chini ya 15,000 ukapita 20,000 sehemu kadhaa, hadi Waziri Mkuu akaingilia kati. Aliyekuwa na fedha yote mkononi aliahirisha mwezi mmoja na kuendelea. Aliyekuwa ameshachimba msingi huku mvua za vuli zikimtishia alinunua kwa bei aliyoikuta.

Simwambii mtu asijenge. Kwa Watanzania wengi hakuna njia nyingine, na nyumba nyingi tunazoishi zilijengwa hivyohivyo. Ninachokataa ni kuiita njia ya nafuu. Ni njia ghali inayolipwa kwa miaka, na kuiita nafuu kunawaondolea wahusika wajibu wa kutafuta njia bora, kama vile mikopo midogo ya kumalizia paa pekee, ambayo ingewahamisha maelfu kutoka nyumba za kupanga ndani ya mwaka mmoja.

Hapo watu wa benki watasema, naam, ndiyo maana tunahitaji mikopo ya nyumba. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008. Taasisi ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, TMRC, ilianzishwa 2010. Hadi leo wenye mikopo ya nyumba wanahesabika kwa maelfu machache katika nchi yenye majengo zaidi ya milioni 14. Sababu haihitaji utafiti mkubwa. Kopa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 15: kila mwezi ni karibu shilingi 700,000, na ukimaliza utakuwa umelipa kama milioni 126. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mtumishi huyo angetoa mshahara wake wote na bado angedaiwa 200,000 kila mwezi. Mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye genge hawana hata karatasi ya mshahara ya kuanzia mazungumzo. Zaidi ya hapo, benki inataka hati, na sehemu kubwa ya makazi ya miji yetu haijapimwa. Mkopo hauwezi kufika mahali ambapo mpima hajafika.

Kuna wanaowalaumu wageni. Hili halitaki maneno mengi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mtu asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa uwekezaji uliopitishwa kisheria. Zanzibar ina utaratibu wake, na huko mauzo ya fleti kwa wageni yamegusa kweli bei za ukanda wa pwani. Lakini kiwanja cha mita 20 kwa 20 Mbagala au Nyegezi hakikupandishwa bei na mgeni.

Limebaki dai la mwisho, kwamba Serikali ikijenga nyumba nyingi bei itashuka. Naliheshimu, kwa kuwa nyuma yake kuna nia njema. Magomeni Kota ni mfano halisi: familia 644 zilihamishwa, nyumba za zamani zikavunjwa, na maghorofa mapya yakazinduliwa Machi 2022, takriban miaka kumi baadaye. Ni kazi nzuri kwa familia 644. Dar es Salaam ilihesabiwa mwaka huohuo na kukutwa na watu milioni 5.38.

Mahali ambapo mkono wa Serikali umegusa soko zima ni kwenye upimaji. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, uliofungua maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma na Kibada. Leo ukienda huko unakuta mitaa iliyonyooka na nyumba zenye namba, ingawa viwanja vingi vilikaa vichaka kwa miaka kwa sababu barabara, maji na umeme vilichelewa. Dodoma nako, baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuvunjwa 2017, jiji lilipima na kuuza viwanja kwa maelfu, hadi mauzo hayo yakawa chanzo kikubwa cha mapato yake. Dosari zipo, na kubwa kuliko zote ni kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, ambao sasa wanasukumana ofisini na mahakamani. Hata hivyo aliyenunua kiwanja kilichopimwa alijua barabara itapita wapi kabla hajamwaga msingi.

Ukilinganisha viwanja viwili vya ukubwa sawa kwenye kata moja, kimoja kimepimwa na kiko karibu na lami na bomba, kingine kimo ndani bila njia, utaona tofauti ya bei inaweza kuwa mara mbili au mara tatu, wakati udongo ni uleule na tofali ni zilezile. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kazi ambayo halmashauri haijafanya. Inakusanywa na waliowahi, na inalipwa na kijana anayeanza maisha sasa.

Kwa hiyo kwenye vikao vya bajeti madiwani wangeulizwa mambo mawili kabla ya idadi ya maghorofa. Kwanza, ni viwanja vingapi vitapimwa mwaka huu, na vingapi kati yake vitafikiwa na barabara na maji kabla havijauzwa. Pili, kwa nini bei zilizoandikwa kwenye uhamisho wa hati, ambazo hata zikiwa pungufu tayari zimo kwenye mafaili ya ardhi na ya kodi, zisichapishwe kwa kila kata kila baada ya miezi mitatu, bila majina ya watu, na kubandikwa pale ofisi ya kata ambapo mnunuzi atazisoma kabla hajampigia dalali.