Nafuma kwa Raha Yangu

Kuna swali moja ambalo mtu yeyote anayefuma ameulizwa hadi masikio yakachoka. Akiketi mlangoni na sindano zake mbili na donge la uzi, jirani atapita, atasimama, ataangalia, kisha atauliza, "Hiyo utauza pesa ngapi?" Haulizi ni ya nani. Haulizi mtindo huo umejifunza wapi. Ni pesa ngapi, basi! Na ukimjibu kwamba huuzi, atakutazama kana kwamba umemwambia unateka maji kwa pakacha.

Maoni yangu ni haya, nami niko tayari kuyatetea mbele ya yeyote: raha peke yake ni sababu tosha ya kufuma. Mwanafunzi, awe mvulana au msichana, ana haki ya kuwa na kazi ya mikono nyumbani ambayo haimletei senti wala alama, bali inamfurahisha tu.

Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Kwetu ni karibu na Nyahururu, mahali ambapo mwezi wa Julai baridi huuma kama siafu. Aliyenifundisha kufuma ni shosho, na sindano zangu za kwanza hazikutoka dukani. Zilikuwa spoki mbili za baiskeli kuukuu, tukazinoa kwenye jiwe hadi ncha zikawa laini. Nilianza na ukanda mfupi, nikaja kwa skafu, kisha kofia, na sasa niko kwenye sweta.

Raha yake ni nini? Hebu nijaribu kueleza. Unatia vitanzi kwenye sindano moja. Unafuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, viwili vya mbele, viwili vya nyuma. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya safu kumi hivi unaona mistari imesimama wima, na ukiivuta inavutika na kurudi kama mpira. Hilo ndilo pindo la sweta, lile linalokaa kiunoni na kwenye mkono. Ni uzi uleule uliokuwa umelala kwenye donge, hakuna kilichoongezwa ila vidole vyako na subira. Na stima ikipotea, kama inavyopenda kupotea kwetu mvua ikinyesha, vitabu vinafungwa lakini vidole vinaendelea, maana safu ya kawaida vidole vinaijua hata gizani. Siku mwalimu amenichemkia darasani, au nyumbani kuna mazungumzo ya karo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia lakini anayasikia, ile safu moja baada ya nyingine hunituliza roho kuliko simu.

Sasa nije kwa wale wa "uza." Naomba tupige hesabu pamoja. Sweta ya mtu mzima hunichukua kama jioni 40, saa moja kila jioni. Tuseme uzi wa dukani ni shilingi 700, na mnunuzi mkarimu sana anipe 1,200, kwa sababu anajua fika kwamba sokoni sweta ya mtumba yenye heshima zake anaipata kwa 300. Nimebaki na 500. Gawanya kwa saa 40. Ni shilingi 12 na senti 50 kwa saa. Andazi moja na chenji kidogo! Nani atafanya kazi hiyo kwa mshahara huo? Lakini mwambie mtu kwamba saa hizo 40 zenyewe ndizo faida, atakuona umechanganyikiwa.

Tena biashara inaweza kuifukuza raha yenyewe. Mama yangu ni fundi wa kroshia, ile sindano moja yenye kulabu. Vitambaa vya viti vyetu amevishona yeye, vyeupe pe, vimetiwa wanga vikasimama kama maua. Ilikuwa saa yake. Akishamaliza kazi za siku, vyombo vimeoshwa, sisi tunasoma, yeye na kroshia yake na redio. Kisha rafiki zake wa chama wakaviona, wakaagiza seti sita, kila mmoja na rangi yake na tarehe yake. Mama akaanza kukesha. Kroshia ikawa deni. Tulikuwa tukimwongelesha anatujibu kwa kichwa, asije akapoteza hesabu ya vitanzi. Mteja mmoja alilipa nusu, na nusu ya pili hatujaiona hadi leo. Baada ya hapo kroshia ililala kwenye droo zaidi ya mwaka mzima. Iliyoiamsha ni mimba ya shangazi: mama alitaka tu kumshonea mtoto kofia. Hakuna aliyemuuliza bei, na usiku huo nilimsikia akiimba pamoja na redio.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuuza ni dhambi. Kule Nanyuki kuna kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers ambao husokota sufu ya kondoo kwa mikono, wakaitia rangi na kufuma mazulia, na kazi hiyo inalisha nyumba zao. Hao nawavulia kofia. Ninalokataa ni ile desturi ya kupima kila kitu kwa bei, hasa katika nyumba za watu wa kawaida kama sisi. Mtoto wa tajiri akicheza piano hakuna anayemuuliza atauza wimbo pesa ngapi. Wanasema ana kipaji. Mtoto wa mwenye kibanda akifuma, mara moja anaambiwa afanye biashara. Kwani mtu asiye na pesa hana ruhusa ya kufurahia kitu? Kwani raha nayo imewekewa karo?

Kuna wengine watasema, "Sawa, usiuze, lakini KCSE itakuuliza kufuma?" Ningeweza kuwajibu kwamba kufuma kumejaa hisabati. Mtu hupima kipande kwanza: kama vitanzi 20 vinatoa sentimita 10, basi sweta yenye mzunguko wa sentimita 90 inataka vitanzi 180. Huo ni uwiano mtupu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hoja hiyo, maana nikifanya hivyo nitakuwa nimekubali kwamba kufuma lazima kujitetee kwa alama. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta kazi za mikono madarasani, na mama alifuma kwa ajili ya mtihani. Anasema baadhi ya wenzake walikuwa wakinunua kitambaa sokoni na kumpelekea mwalimu kama chao! Alama zilipatikana, kufuma hakukupatikana. Saa moja ya jioni haijamwangusha mtu. Kinachotuangusha tunakijua, nacho kina kioo na chaja.

Na wale wavulana wenzangu wanaocheka, wakinipigia makofi na kuniita "mama sweta," nao nina neno nao. Nendeni Lamu, au nendeni ufuoni mwa Ziwa Victoria, mtaona wavuvi wameketi kivulini wakishona nyavu zao, tundu baada ya tundu. Ni uzi, ni mafundo, ni vidole. Nani amewahi kuwaita wasichana? Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Mwingereza Tom Daley alishinda dhahabu ya kupiga mbizi pamoja na mwenzake Matty Lee, na siku chache baadaye kamera zikamwona ameketi kwenye viti vya watazamaji akifuma bila wasiwasi. Hata ile medali aliifumia kifuko isikwaruzike. Kama mikono iliyoshika dhahabu ya dunia haikuona haya kushika sindano, mikono yetu inayoshika chaki na fagio itaona haya ya nini?

Isitoshe, kazi ya uzi haikuletwa kwetu na sindano za chuma. Ni kweli kwamba vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, viliwafundisha mabibi wengi kushona na kufuma. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kiondo. Wanawake wa Kikamba na Kikuyu walitoa nyuzi kwenye maganda ya miti na vichaka, baadaye kwenye mkonge, wakazisokota kwa kiganja juu ya paja, na kusuka kiondo huku wakitembea kwenda sokoni na mzigo mgongoni. Kiondo kilibeba viazi na maharagwe, naam, lakini mbona walikitia mistari ya rangi? Viazi havijui rangi. Mistari ile ilikuwa ya raha ya macho na ya mkono uliosuka. Huko pwani nako, kofia ya vito hushonwa tundu kwa tundu kwa wiki nyingi, wakati kofia yoyote ingezuia jua.

Limebaki swali la gharama, maana kuna atakayesema raha hii ni ya wenye uwezo. La hasha! Mimi sinunui uzi dukani. Nenda kwa wauza mitumba jioni wanapofunga, utafute sweta kubwa iliyotoboka ambayo hakuna anayeitaka. Yangu ya mwisho niliipata kwa shilingi 50. Igeuze ndani nje kwanza uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa cherehani, iache, kwa sababu ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi. Kama kila upande ulifumwa peke yake na kuunganishwa, hiyo ndiyo yako. Fumua, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne usijisokote, uoshe kwa maji ya moto, kisha uuanike ukiwa umening'inizwa kitu kizito ili ule mkunjo unyooke. Mwingi wa uzi huo ni wa kiwandani tu, si wa kondoo, lakini ukibahatika kupata sufu yenyewe utaijua Julai ikifika. Mwenye spoki mbili na sweta moja mbovu hana udhuru.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, sisi tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Hata neno "mfumo," tunalolisikia kila siku katika "mfumo wa elimu" na "mfumo wa serikali," limezaliwa na kitenzi kufuma. Lugha yetu iliona zamani kwamba vitu vilivyoshikana vizuri hufanana na kitambaa: ukivuta uzi mmoja, vyote vinasikia. Nasi hukutana kila wiki kutunga mashairi ambayo hakuna anayetuuliza bei yake. Kwa nini uzi uulizwe?

Kwa hivyo ninalo ombi kwa mlezi wetu na kwa viongozi wa chama. Tupewe Ijumaa moja kwa mwezi, baada ya masomo, tukae chini ya miti nyuma ya maabara tukifuma, tukisuka na kushona, huku mmoja wetu akisimulia hadithi au akighani shairi. Wavulana waje, wasichana waje, na walimu wenye sindano zao wasione haya. Masharti yawe mawili tu. La kwanza, hakuna kutoa alama. La pili, hakuna kumuuliza mtu atauza pesa ngapi. Mimi nitaleta spoki sita zilizokwisha kunolewa, kwa wale ambao hawana.