DNA ina maumbo zaidi ya moja

Mwandishi, makala yako kuhusu DNA imeiruka i-motifu, umbo la DNA lililo kama fundo la nyuzi nne, na hiyo haifai kuachwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Garvan, Sydney, walitumia kingamwili na rangi inayong'aa, wakaliona fundo hilo ndani ya seli za binadamu. Hapo herufi C ya DNA hushikana na C mwenzake kwenye uzi uleule, badala ya G ya uzi wa pili. Vidoa vya kijani vya rangi hiyo vilijitokeza na kutoweka, vikizidi pale seli inaposoma DNA yake kwa bidii kabla ya kuinakili. Walimu wa baiolojia, tafadhali waambieni wanafunzi: ile ngazi iliyosokotwa ni umbo mojawapo tu, na huenda jeni huongozwa na mengine pia.